Nukta ya Mia na Kumi na Nne

Mashine imeandika: ARDHI TUPU.
Rangi ya matofali, mita kumi kwa mita kumi,
kusini mwa Ipole, tarehe tisa Oktoba,
saa tano kasorobo asubuhi,
setilaiti ilipopita juu bila kubisha hodi.

Nami nimetumwa kuhakiki.
Nina kishikwambi, chupa ya maji,
na pikipiki ya Ntabo inayokohoa kila ionapo mchanga.
Nukta mia mbili, wiki mbili,
na kila nukta ina swali lilelile:
u nani wewe, huko chini?

Tunafika. Hapana ardhi tupu hapa.
Pana mitundu iliyovaa majani machanga,
mekundu, ya kung'aa,
kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu.
Mvua haijaangusha hata tone
na miti imeshajipamba kwenda kuilaki.
"Kwani huko juu hawalijui hili?" anauliza Kalunde.
Mizinga yake kumi na saba inaning'inia humuhumu,
ndani ya lile neno langu, TUPU.
"Nyuki wanajua," anasema, na kurudi kwenye kazi yake;
hana siku nzima ya kunifundisha.

Nafuta. Naandika: MSITU WA MIOMBO.
Kidole kina jasho, kioo kinakataa.
Naandika tena.

Nukta ya mia na kumi na tano,
mashine imesema MSITU.
Na ni kweli, ulikuwa msitu,
Machi, wakati wa picha.
Sasa ni visiki, matuta, na bani la tumbaku
linalovuta pumzi kwa mdomo mmoja mweusi.
Ntabo hazimi injini. Anatazama pembeni.
Shamba ni la shemeji yake;
watoto watatu wanasoma kwa moshi ule.
Naandika: SHAMBA.
Neno halina mahali pa kuweka ada ya shule.

Usiku, Isevya, umeme ukirudi,
namwaga mvua za miaka thelathini juu ya ramani,
joto juu ya mvua, majani juu ya joto,
hadi rangi zinapoanza kugombana
na mstari unajichora wenyewe:
huku kanda yenye unyevu, kule nusu kame.
Naufuata kwa jicho, Kaliua, Urambo,
kisha moyo unashtuka kabla yangu.
Umepita Usoke. Umepita uani kwetu.
Jiko liko upande huu,
kisima upande ule.

Nampigia mama.
Namweleza polepole, kama anayeleta posa.
"Huo mstari," anasema, "una kodi?"
Hauna, mama.
"Una upana gani?"
Namwambia: kwenye karatasi, milimita moja,
lakini kwa kipimo hiki
milimita ni kilomita nzima.
Kimya. Nasikia kuku wakigombea mahali pa kulala.
"Basi mimi nimo ndani ya wino," anasema,
"sipo huku wala kule.
Ndiyo maana mahindi hayanielewi."
Kisha ananiambia kamba ya kisima
ameiunga mara mbili tangu Pasaka,
na nikija nisisahau chumvi.

Hilo la kamba sijui niliandike wapi.
Jedwali lina safu ya mvua, ya joto, ya kijani.
Naliandika kwenye MAONI, ambako hakuna asomaye:
kamba imeongezwa pima mbili.

Kesho ni nukta ya mia na kumi na sita.
Mashine imesema MAJI.
Ntabo amecheka hadi akashika tangi la pikipiki:
maji, Oktoba, kule?
Mimi nimejaza mafuta, nimechaji kishikwambi,
nimelala na viatu karibu.
Siku mbili hizi nimeikosoa mashine kwa furaha,
mwalimu na kalamu yake nyekundu.
Kesho, yarabi,
naomba iwe imepata.